"Give in" si "give up": jinsi Kiingereza kinavyokubali yaishe

Kikundi kimoja cha kina mama wabanguaji wa korosho huku Newala kiliwahi kuniita nikiandikie barua ya Kiingereza kwenda kwa mnunuzi wa nje ya nchi. Walikuwa wamevutana naye juu ya bei kwa majuma matatu, na mwenyekiti wao, mama ambaye ncha za vidole vyake zilikuwa zimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, aliniambia: "Mwalimu, mwandikie tu kwamba tumekubali yaishe, tunampunguzia." Nikaandika, kwa kujiamini kabisa, "We have given up on the price." Baada ya siku nne jibu likaja. Mnunuzi alisikitika kwamba tumeamua kuachana na mazungumzo, akawatakia kina mama heri katika biashara yao. Niliposoma barua ile mara ya pili ndipo nilipotambua kwamba kosa halikuwa la mnunuzi. Nilikuwa nimemwambia kwamba tumekata tamaa ya kuafikiana, wakati nilitumwa nimwambie kwamba tumelegeza.

Tangu siku hiyo nimevitazama kwa makini zaidi vile vitenzi vya Kiingereza vinavyoundwa kwa kitenzi cha kawaida na kijineno kifupi kinachokifuata, hasa vile vinavyohusu kusalimu amri, kulegeza msimamo na kupisha. Shuleni huwa tunawapa wanafunzi orodha: upande wa kushoto "give in", "give up", "give way", "back down", na upande wa kulia maana zake kwa Kiswahili, ambazo zote hufanana kama mapacha. Mwanafunzi anakariri kwamba "give in" ni kukubali kushindwa na "give up" ni kukata tamaa, kisha anapofika kwenye sentensi anachukua lolote linalomjia mdomoni, na mara nyingi linalomjia ni "give up", kwa sababu ndilo analolisikia kwenye filamu na kulisoma kwenye mabango ya kuhamasisha. Orodha haimwambii jambo la msingi, nalo ni hili: kila kimoja cha vitenzi hivi kina picha yake ya nani anasukuma, anayesukumwa yuko wapi, na anafanya nini msukumo unapozidi. Ukiipata picha, kijineno kinakuja chenyewe.

Tuanze na "give in". Hapa ni lazima kuwe na anayesukuma. Mtoto anamlilia baba yake amnunulie baiskeli, baba anakataa, mtoto haachi, na mwishowe baba anasema haya, twende dukani: "In the end his father gave in." Mfanyakazi anabembelezwa, mkulima anabanwa, mdaiwa anatishwa, wote hao wanaweza "give in", kwa kuwa kuna mkono upande wa pili. Anayesukuma akitajwa hutanguliwa na "to": "He gave in to his son", "They gave in to pressure". Na msukumo si lazima utoke nje ya mtu. Mlinzi wa usiku anayepambana na kope zake hadi alfajiri, kisha akazidiwa, "gave in to sleep", kama sisi tunavyosema usingizi ulimzidi nguvu. Usingizi umefanywa kuwa mshindani aliyesimama mbele yake.

"Give up" haimhitaji mshindani. Kinachohitajika ni jambo ulilokuwa unalifanya, unalo, au unalitarajia, nawe ukaliacha. Mtu anatafuta ng'ombe wake porini tangu asubuhi, jua linazama, anarudi nyumbani mikono mitupu: "He gave up." Hakuna aliyemshinda. Aliyeacha sigara "gave up smoking", na hapa ndipo lugha inapoonesha waziwazi kwamba "give up" si neno la aibu, kwa kuwa daktari anakusihi u-"give up" sigara, na ukifanya hivyo unapongezwa. Aliyemwachia mzee kiti chake ndani ya basi la Masasi "gave up her seat", na hilo ni tendo la heshima. Kwa hiyo anayefundisha kwamba "give up" ni kukata tamaa amefundisha theluthi moja tu ya neno. Maana ya msingi ni kuachia. Tamaa ni kimojawapo tu cha vitu vinavyoachiwa.

Tofauti hii ilionekana katika hotuba ambayo wengi huinukuu vibaya. Tarehe 29 Oktoba 1941, Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, alizungumza na wanafunzi wa shule ya Harrow, shule aliyosoma mwenyewe, wakati Uingereza ilipokuwa vitani na Ujerumani. Maneno yake yamesambazwa kwenye mabango na mitandao kama "never give up". Alichosema ni "never give in", akakirudia mara kadhaa, akatoa sharti moja tu, kwamba mtu akubali kulegea mbele ya heshima na busara, kisha akaendelea kuwataka wasi-"yield", yaani wasisalimu amri, mbele ya nguvu. Ukiangalia mazingira utaona kwamba hakuwa na namna nyingine ya kusema. Kulikuwa na adui anayesukuma, kwa hiyo neno sahihi lilikuwa lile lenye msukumaji ndani yake. Angesema "never give up" angekuwa anawahimiza vijana wasichoke. Aliposema "never give in" aliwahimiza wasipinde mbele ya mtu. Na lile sharti la heshima na busara lingepoteza ladha yake lingewekwa kwenye "give up", kwa sababu heshima na busara zinaweza kumsukuma mtu.

Methali yetu moja hupotoshwa kwa kosa hilohilo. Tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimewahi kusahihisha daftari lenye tafsiri isemayo kwamba "a person who does not give up is not a competitor", yaani yeyote asiyeacha mchezo katikati hafai kuwa mchezaji, maana iliyopindua methali miguu juu. Methali inazungumzia filimbi ya mwisho ikishalia: mtu apokee matokeo. Kwa Kiingereza hilo ni "accept defeat", au "concede", kitenzi ambacho wanasiasa hukitumia kura zikishahesabiwa.

Sarufi nayo inafuata maana. "Give up" hukubali kushika kitu moja kwa moja, na kitu hicho kikiwa kiwakilishi huingia katikati: "give it up", "give them up". "Give in" kwa maana ya kulegea hakishiki kitu, kinahitaji "to". Hivyo "he gave in it" ni kosa. Mwanafunzi akikutana na "give in your exercise books" ajue kwamba amekutana na kitenzi kingine chenye sura ileile, maana yake ni kukusanya madaftari yapelekwe kwa mwalimu. Halafu kuna "give up on", ambayo ndiyo iliyoniponza: ni kumkatia mtu au jambo tamaa.

Nimelitumia neno "kumkatia" kwa makusudi, kwa maana ndilo linalofungua mlango kwa msemaji wa Kiswahili. Wengi wanaona vijineno vya Kiingereza kuwa ni fujo isiyo na mpangilio, wakati sisi wenyewe tunafanya kazi ileile kila siku kwenye mkia wa kitenzi. Tunasema kata tamaa, na tukitaka kumtaja aliyesababisha au anayehusika tunasema usimkatie tamaa mwanao. Kile kiungo kidogo cha mwisho kinafanya ambacho "on" inafanya katika "don't give up on your son". Acha sigara, achia kiti, achana na huyo mtu, achilia mateka: mzizi ni mmoja na matendo ni manne. Hakuna mtoto wa Mtwara anayechanganya kuacha na kuachana, na hakuna aliyempa orodha ya kukariri. Aliyajua kwa kuyasikia ndani ya picha zake. Kwa nini basi tunamtaka ayajue "give in" na "give up" bila picha?

"Give way" ina picha iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni ya njia. Maana yake ya wazi ni kutoa njia, na kitenzi chetu ni kupisha, yaani kumfanya mwingine apite. Alama ya barabarani yenye pembetatu iliyopinduliwa ndiyo hiyo, na katika Uingereza imeandikwa maneno hayohayo, ilhali Marekani wameandika "yield". Tunaposema mwenye nguvu mpishe, Mwingereza angetumia "give way to". Katika mwambao wetu, ambako mabaharia wameyahesabu majira kwa pepo, sentensi kama "the kusi gives way to the kaskazi" inakaa vizuri katika lugha zote mbili, kwa sababu upepo mmoja huondoka na kuupisha mwingine bila ugomvi. Vivyo hivyo makuti kwenye paa "gave way to" mabati.

Lakini kuna "give way" nyingine, na hapo mfasiri asipokuwa mwangalifu huumia. Mei 2024, mvua kubwa zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kuelekea Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, ikakatiwa njia yake ya kawaida ya kwenda kaskazini. Ripoti ya Kiingereza inaweza kueleza tukio kama hilo kwa kusema "the road gave way". Nimeona watu wakifasiri sentensi za namna hiyo kuwa barabara au daraja "lilitoa njia", maana iliyo kinyume kabisa, kwa sababu njia ndiyo iliyokuwa imefungwa. Hapa anayesukuma ni uzito wa maji, na kinachosukumwa ni kitu kisicho na hiari. Kiswahili chake ni kukatika, kubomoka, kutitia, kulingana na kilichotokea. Goti la mzee anayepanda ngazi nalo linaweza "give way", nasi tunasema limelegea au limemwangusha. Katika "give in" kuna nafsi iliyoamua. Katika "give way" ya namna hii hakuna uamuzi, kuna kuzidiwa tu.

"Yield" inastahili kutajwa kando, ingawa ni neno moja. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilimaanisha kulipa, na kutoka kulipa kikazaa matawi mawili: shamba linalolipa, yaani linalotoa mavuno, na mtu anayemlipa mwingine kile anachodai, yaani anayekubali. Ndiyo maana "yield" ileile huandikwa kwenye ripoti za kilimo kwa maana ya kilo zinazopatikana kwa hekta, na kwenye alama za barabarani za Marekani kwa maana ya kupisha. Wakulima wetu husema korosho mwaka huu imelipa. Wamefika mahali palepale kwa njia yao wenyewe, na mwalimu akianzia hapo hahitaji kueleza sana.

Sasa twende sokoni Feri, Mtwara mjini, maana familia ya "back" hufundishika vizuri zaidi mbele ya meza ya samaki. Mama ana changu mmoja mkubwa, macho bado maangavu, na ametaja elfu kumi na mbili.

"Mama, elfu nane."

"Mwanangu, elfu nane utabeba magamba. Kumi na mbili, sishuki."

Mteja anazunguka, anarudi, anataja tisa. Mama anamwagia samaki maji, anamgeuza, anakaa kimya kidogo. "Haya, lete hiyo tisa na mia tano."

Matukio matano yanaweza kuelezwa hapa, na kila moja lina kitenzi chake. Bei ilishuka, kwa hiyo mama "came down to 9,500". Ni neno la biashara, halina aibu wala ushindi. Alishawishika kwa kubanwa na mteja, kwa hiyo pia "she gave in". Na kwa kuwa alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba hashuki, kisha akashuka, "she backed down". Sharti la "back down" ni hilo tangazo la awali: lazima mtu awe amejifunga kwa kauli, tishio au dai, kisha akarudi nyuma. Mama ambaye hakusema "sishuki" hawezi "back down" hata akishuka hadi elfu tano. Mteja naye, kama alikuwa anambana kwa maneno makali, na mama akamwambia aondoke mezani pake, akaondoka, "he backed off": huyu ni msukumaji aliyeacha kusukuma. Na kama mkono ulishapokea mkono, samaki ameshafungwa kwenye mfuko, kisha mteja akasema ameghairi, "he backed out". Kijineno "out" kinakuambia kwamba alikuwa ameshaingia ndani ya makubaliano na sasa ametoka. Kuchanganya hivi vitatu katika barua ya biashara ni hatari kuliko kukosea tahajia, kwa kuwa "we are backing down" humwambia mwenzako kwamba umekubali, na "we are backing out" humwambia kwamba umevunja mkataba.

Msimu wa korosho wa 2018 unatosha kuwa zoezi. Mwezi Oktoba mwaka ule wakulima wa kusini walizikataa bei walizotajiwa minadani. Wanunuzi nao hawakupandisha kwa kiwango kilichowaridhisha. Na Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali yenyewe itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kusema "the farmers would not give in", kwa sababu walibanwa na hawakupinda. Anaweza kusema "neither side would back down", kwa sababu kila upande ulikuwa umeshataja msimamo wake. Akiandika "the farmers did not give up" hajasema uongo, lakini amehamisha macho ya msomaji kutoka kwenye mvutano hadi kwenye uvumilivu.

Ndugu wawili wa karibu nitawapitia haraka. "Cave in" imetokana na udongo unaoporomoka, na inamwelezea mtu aliyeshikilia kwa muda kisha akaanguka ghafla na kwa ukamilifu. Ina dharau kidogo ndani yake, kama sisi tunaposema amefyata mkia. "Climb down" hutumika zaidi kwa viongozi na taasisi zilizopanda juu sana kwa kauli kisha zikalazimika kushuka hadharani, na msemo wetu wa mpanda ngazi hushuka unaubeba mzigo huo karibu wote.

Kwa silaha mambo ni mazito zaidi, na historia ya hapa kwetu ina mfano. Oktoba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Ujerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck na majeshi ya Uingereza yalipigana Mahiwa, katika mkoa wa leo wa Lindi, na pande zote mbili zikapoteza watu wengi mno. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, huku kikosi kingine cha Wajerumani, kilichoongozwa na Theodor Tafel, kikishindwa kumfikia, kikiishiwa chakula, na kujisalimisha mwishoni mwa Novemba. Tafel "surrendered", kwa maneno mawili ungesema "he gave himself up", yaani aliitoa nafsi yake mikononi mwa mwingine, kama mtuhumiwa anayekwenda kituoni mwenyewe. Lettow-Vorbeck "held out", alishikilia, hadi Novemba 1918, akaweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, baada ya vita kumalizika Ulaya. Wanaoandika kwamba naye "gave in" wanakosea, kwa kuwa hakuzidiwa akapinda. Alipata habari kwamba vita imekwisha.

Kuachia madaraka kuna vijineno vyake. "Step down" ni kushuka kwenye cheo kwa hiari au kwa muda kumalizika, na Watanzania tunalo neno lililoingia Kiswahili kupitia Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985: kung'atuka. "Step aside" ni kukaa pembeni, mara nyingi ili mwingine apite au uchunguzi ufanyike, kwa hiyo cheo kinaweza kurudi. Hakuna kati ya hivi kinachosema kwamba mtu ameshindwa. Anayesema kwamba Mwalimu "gave up power" amesema sawa. Anayesema "gave in" amemtungia mshindani.

Wanafunzi huniuliza kama vitenzi hivi vinafaa kwenye maandishi rasmi au ni lugha ya mtaani. Vinafaa. "Surrender" na "submit" vimeingia Kiingereza kutoka Kifaransa na Kilatini, vina mavazi ya ofisini, na huonekana zaidi kwenye sheria na mikataba; vile vya maneno mawili ni vya nyumbani, lakini si vya mtaani, na magazeti yanayoheshimika hujaa navyo. Katika kutamka, sauti hupanda kwenye kijineno: "give IN", "back DOWN". Vikigeuka kuwa nomino sauti hurudi mbele: "a CLIMBdown", "a HANDover". Msikilize mtu anayekisema vizuri na utaona kwamba hakimezi kamwe kile kijineno, kwa sababu ndicho kinachobeba habari.

Barua ya pili kwa mnunuzi niliiandika nikiwa nimekaa na mwenyekiti, sentensi kwa sentensi, nikimfasiria kila neno kabla ya kuliweka. Alitaka mambo mawili yaeleweke: kwamba bei wamepunguza, na kwamba malipo ya awali ni lazima, maana kikundi kilikuwa kimeshadanganywa mara moja na mtu aliyeahidi kulipa baadaye. Tukaandika "We can come down on the price, but we will not give way on the deposit." Akaniuliza hiyo "give way" inasemaje. Nikamwambia inasema hapo hatupishi. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia niiache ilivyo.